Mikono Minane, Masikio Manane

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msije mkahangaika kumtafuta mwenye kosa. Mimi Obdulia, mjane wa Fidencio, ndiye niliyempaka Pweza rangi mpya, na tatizo ni kwamba nilimpaka vizuri mno.

Pweza ni mashine yetu ya sikukuu. Ana mikono minane ya chuma, kila mkono umebeba vikapu viwili vya kukalia watu kwenye ncha yake. Akishawashwa anazunguka, mikono inapanda na kushuka, vikapu navyo vinajizungusha vyenyewe, mpaka bibi harusi anasahau jina la mume. Kwa miaka thelathini na tisa tulikuwa tumembeba kwenye malori mawili kutoka sikukuu ya mtakatifu mmoja hadi ya mwingine, jimbo zima la Tlaxcala na nusu ya lile la Puebla. Nusu ya Pweza ni ya shemeji yangu Nabor. Nusu nyingine aliniachia marehemu, pamoja na jenereta linalokohoa kuliko yeye.

Mwaka ule wa tisini na moja Nabor alichoka.

"Shemeji," aliniambia, "Sahani ya Evelio inasimamishwa asubuhi, mchana inarusha watu. Sisi tunataka siku mbili na chupa ya dawa ya mgongo."

"Mgongo ni wako. Pweza kakukosea nini?"

"Evelio anamtaka."

"Evelio anataka mota yake. Mikono ataikata auze chuma chakavu."

"Akishanunua, ni shauri lake."

Sahani, kwa asiyeijua, ni duara kubwa lenye kiti cha kuzunguka pembeni, linalotikisa watu kama mahindi kwenye kikaango. Haina ufundi wowote. Evelio mwenyewe ni mtu wa shati jeupe na saa ya dhahabu, ambaye hajawahi kushika spana mbele ya macho yangu. Alikuwapo siku tulipokubaliana, kama shahidi, akinywa kahawa yangu.

Makubaliano yalikuwa haya. Kituo kilichofuata kilikuwa San Nazario. Pale mjini, Jumamosi ya sikukuu, mtakatifu hutolewa kanisani baada ya misa ya saa nne asubuhi na kubebwa mabegani kupita kwenye mashine zote. Padri husimama mbele ya kila mashine inayozunguka na kuirushia maji ya baraka. Iliyolala chini haibarikiwi, na isiyobarikiwa haipandwi na mtu wa San Nazario hata akiwa amelewa na tiketi ni bure. Basi Nabor akasema: Pweza akibarikiwa Jumamosi, anabaki, na yeye hatalisema jambo hilo tena maishani. Asipobarikiwa, Jumapili Evelio analeta lori lake. Tukapeana mikono. Evelio naye akatupa mkono, sijui wa nini.

Nikawaza: nitamtia Nabor aibu kwa uzuri. Nani atamuuza mnyama anayeng'aa? Nilikaa wiki tatu uani na msasa na brashi. Mikono nikaipaka nyekundu ya nyanya iliyoiva, vikapu vyeupe, kitovu cha juu njano. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikasugua na kuondoa uchafu wote wa zamani, yakiwemo matone ya rangi za ajabu ajabu yaliyokuwa kwenye shina la kila mkono na kwenye masikio, vile vyuma vyenye matundu kwenye sahani ya chini ya Pweza, mikono inakofungwa. Buluu hapa, kijani pale, moja rangi ya maziwa. Nilidhani baba mkwe wangu, Mzee Crescencio, alikuwa mpakaji mchafu. Nilimcheka hata, peke yangu.

Alhamisi tulifika San Nazario kwenye tope, maana ni msimu wa mvua. Tukampanga Pweza miguu juu ya vipande vya mbao, tukapima usawa kwa maji kwenye mpira, tukasimamisha nguzo. Nabor akaleta tripodi, ile miguu mitatu ya chuma, na chenbloku, mnyororo wa kuinulia mizigo, akaufunga mkono wa kwanza, akauinua, akainama kuangalia shina lake. Akainama tena. Akazunguka upande wa pili.

"Shemeji, alama ziko wapi?"

"Alama zipi?"

"Rangi. Za masikioni."

"Ule uchafu?"

Akaketi kwenye tairi. Nilimwona uso ukitaka kucheka na kutaka kulia, ukashindwa vyote viwili.

"Obdulia. Ule uchafu ndio ulikuwa unatuambia mkono upi unaingia sikio lipi."

"Na wewe miaka yote hujakariri?"

"Wewe umekariri namba ya nyumba yenu? Si imeandikwa mlangoni?"

Miaka ishirini na mbili nilikuwa kwenye kibanda cha tiketi na kwenye sufuria. Kufunga na kufungua ilikuwa kazi ya Fidencio na Nabor, na mimi nilipomwona Pweza alikuwa tayari amesimama, kama mume anavyotokea bafuni akiwa amevaa.

"Mikono si inafanana?" nikauliza.

"Ingefanana kama ingetengenezwa na mtu mwenye akili timamu," akasema, akimaanisha baba yake.

Hapo lazima niwape habari ya Mzee Crescencio. Mashine za namna hii zilitoka kaskazini, ng'ambo ya mpaka, na watu wa sikukuu husema aliyezibuni alianza kwa kutengeneza vyombo vya kuwafundisha marubani wakiwa bado ardhini. Mzee Crescencio alikuwa fundi wa matangi ya mvuke, hakuwa na fedha ya kununua mashine ya kaskazini. Mwaka wa hamsini na mbili ilikuja moja mjini Puebla. Akaipanda mara kumi na moja kwa siku moja, akijifanya mpenda raha. Mara ya kwanza hadi ya nne alihesabu bolti. Ya tano hadi ya nane aliangalia juu. Ya tisa alitapika. Ya kumi na moja alishuka akiwa amejua siri yote.

Na siri yenyewe ni ndogo. Chini kuna sahani inayozunguka na mikono yote. Juu ya nguzo kuna kitovu ambacho hakikukaa katikati, kimesogezwa upande kwa makusudi, nacho kinazunguka kwa mwendo wake. Kila mkono umefungwa kwenye kitovu hicho kwa ufito wa chuma. Kitovu kikielemea huku, mkono wa kule unavutwa juu na wa huku unaachiwa ushuke. Ndiyo hivyo tu. Mzunguko mmoja uliopotoka kidogo, na watu wanaita mama zao.

Ila vyuma aliviokota. Mikono mitatu ni ya reli ya zamani, miwili ni bomba la kiwanda cha sukari, mmoja ulikuwa nguzo ya daraja, na ile miwili ya mwisho hata yeye hakupenda kusema alikoitoa. Kila mkono una uzito wake. Kila shina lina matundu mawili, moja la pini kubwa na moja la ufito unaopitia pia kwenye sikio, na aliyatoboa kwa mkono, kila moja pale chuma kilipokubali. Halafu akatoboa sikio la kuufaa mkono huo, akaipanga mizito ikabiliane na mizito, akatia tone la rangi huku na tone la rangi kule. Kwake yalikuwa yamekwisha.

Alhamisi hiyo tulijaribu kwa kubahatisha. Mkono mmoja una uzito wa ng'ombe aliyekataa kwenda. Tuliuinua, tukaupeleka sikio la kwanza, pini ikagoma. La pili, ikagoma. La tatu ikaingia nusu. Nabor akasema ni wenyewe, wabeba mizigo wawili tuliowakodi wakasema siyo, mimi nikasema tupige nyundo. Tukapiga. Haukuwa wenyewe, na kuutoa kulituchukua saa nzima. Jioni tulikuwa na mikono mitatu kwenye masikio, na kesho yake asubuhi Nabor akagundua kwamba mmoja kati ya hiyo mitatu umekaa kwenye nyumba ya mwingine.

Evelio alipita na utepe wa kupimia. Akaipima mota, urefu na upana, akaandika kwenye kiganja.

"Sikuharakishi, Bi Obdulia," akasema. "Nilikuwa napita tu."

"Pita zaidi," nikamwambia.

Ijumaa tulimleta Mzee Crescencio kwa gari la muuza mikate. Alikuwa na miaka themanini na minne na kofia ya sherehe. Tukamshusha, tukamweka mbele ya mikono mitano iliyolala kwenye nyasi na mitatu iliyofungwa. Akatazama muda mrefu.

"Pweza yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye huyu, baba," Nabor akasema.

"Huyu mwekundu? Wangu ni wa kijivu."

"Nimempaka rangi, baba mkwe," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Obdulia. Mke wa Fidencio."

"Fidencio ameoa lini?"

Nabor akaniangalia, nami nikaangalia viatu. Tukamweleza pole pole. Akaelewa, akasahau, akaelewa tena kwa namna nyingine. Kisha akasema hahitaji macho, ataitambua mikono kwa vidole, kila mmoja kwa jina aliloupa, na wabeba mizigo wakavua kofia kwa heshima. Mzee akafumba macho, akapapasa shina la kwanza, sehemu alizochomelea mwenyewe, akatabasamu.

"Huyu ni Mkorofi. Anakaa upande wa kanisa."

Tukafurahi. Akapapasa wa pili.

"Huyu naye ni Mkorofi."

"Wa kwanza si ndiye Mkorofi, baba?"

"Wa kwanza ni Chata. Mnanichanganya."

Mpaka adhuhuri tulikuwa na Wakorofi wanne, Chata watatu na mmoja aliyemwita kwa jina la dada yake aliyefariki. Kwa adabu tulijaribu kufuata mpango wake, kila mkono pale aliposema, na hakuna hata pini moja iliyoingia. Mzee akasema kosa ni la kanisa, limehamishwa. Nikampa uji wa mahindi, nikamweka kivulini kwenye kiti cha kibanda cha tiketi, akaanza kuwauliza wapita njia kama wanataka kupanda.

"Shemeji," Nabor akasema, akifuta grisi kiganjani, "tumejitahidi."

"Wewe umejitahidi kushindwa."

"Nimeinua mikono kumi na saba tangu jana, na ipo minane tu. Unataka nijitahidi vipi?"

Na ilikuwa kweli. Hakulegea hata kidogo, na hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Angeweza kukaa chini akanywa pulque, ile pombe ya utomvu wa mkonge, na Jumapili ikamfikia yenyewe. Badala yake alikuwa anapiga nyundo kwa hasira, kama anayetaka nishinde ili apate kunilaumu kwa hilo pia.

Mchana nilikwenda kununua tamale za unga wa mahindi kwa Bi Porfiria, aliyepika chini ya turubai karibu nasi. Mbele yangu alikuwapo mwanamke wa vijijini aliyekuja mjini na kipande cha boksi kilichochorwa unyayo wa mtoto. Alikuwa anamuuliza Bi Porfiria ni duka gani lina viatu vya bei nafuu. Sisi wote tumenunuliwa viatu kwa njia hiyo. Mtoto anabaki nyumbani, unyayo wake unakwenda sokoni. Nikaondoka bila tamale.

"Nabor, nipe maboksi."

"Ya nini?"

"Ng'ombe abaki nyumbani."

Alinitazama kama baba yake alivyonitazama asubuhi. Nikachukua maboksi ya bia, nikakata vipande vinane. Nikapaka grisi kuzunguka matundu ya sikio la kwanza, nikalibandikia boksi, nikalisugua kwa kiganja. Likatoka na alama ya matundu mawili, umbali wake na upotofu wake, safi kabisa. Nikaandika namba moja. Nikafanya hivyo masikio yote, hata yale matatu tuliyoyafungua tena. Kisha nikatoboa matundu kwa kisu na kutembea na vipande vyangu kwenye mikono iliyolala, nikijaribisha kimoja kimoja, huku Nabor akinifuata nyuma.

Boksi la nne likakaa kwenye mkono wa daraja kama kofia. La saba kwenye bomba la sukari.

"Hmm," Nabor akasema.

"Sema vizuri."

"Nimesema hmm."

Kabla jua halijazama tulikuwa tumeipatia mikono sita masikio yake, na Jumamosi tangu saa kumi na mbili asubuhi tukaiinua na pini zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Shida ilikuwa ile mikono miwili ambayo Mzee hakusema alikoitoa. Nadhani aliitoa mahali pamoja usiku mmoja, maana matundu yake yalilingana. Boksi la pili lilifaa mikono yote miwili. La tano vilevile. Uzito ndio uliotofautiana, na hatukuwa na mizani ya ng'ombe.

Saa tano kasoro kengele ikalia, fataki zikaanza. Sanamu ya mtakatifu ikachungulia mlango wa kanisa.

"Chagua," Nabor akasema.

"Chagua wewe, ni fundi."

"Nikichagua nikakosea, utasema nilifanya makusudi."

"Ni kweli, nitasema."

"Basi chagua."

Nikachagua. Huu kwenye sikio la pili, huo kwenye la tano. Pini zikaingia, fito zikafungwa, Nabor akawasha jenereta likakohoa mara nne na kushika. Mtakatifu alikuwa kwenye Sahani ya Evelio, akirushiwa maji, wakati Pweza alipoanza kuzunguka. Mikono ikapanda. Nyekundu kwenye anga la mvua, vikapu vyeupe vikijizungusha, watu wakasema aaa. Nilisahau mgongo, nilisahau Nabor.

Halafu nikasikia. Kila alipomaliza mzunguko kulikuwa na kishindo kidogo, du, na nguzo inatikisika kama mlevi aliyedhani ngazi zimekwisha. Mizunguko kumi, vishindo kumi. Padri hakusikia kwa sababu ya bendi ya maandamano. Akasimama, akasoma, akamrushia Pweza maji mengi ya kutosha, akapita. Foleni ikaundwa pale pale, na Mzee Crescencio kwenye kibanda akaanza kukata tiketi kwa furaha.

Nilikuwa nimeshinda. Evelio alikuwa amesimama kwenye tope na uso mrefu.

Nikazima swichi.

"Unafanya nini?" Nabor akauliza.

"Anachechemea. Niliipishanisha ile miwili."

"Nimesikia."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nimejua kwa masikio, sasa hivi, kama wewe." Mpaka leo sijui kama nimwamini. "Lakini ameshabarikiwa, shemeji. Umeshinda. Atachechemea mpaka Jumapili, hakuna atakayejua."

"Kwenye kikapu cha mkono huo atakaa mtoto wa mtu."

Evelio akasogea, mikono nyuma. Akasema kwa upole wote kwamba yeye si mgomvi, ila aliyebarikiwa ni Pweza mwenye mikono katika mpangilio ule. Ikibadilishwa, ni Pweza mwingine, na huyo mwingine hajabarikiwa, na makubaliano ni makubaliano.

"Baraka inaingia kwenye chuma," Bi Porfiria akasema kutoka kwenye turubai lake. "Haiingii kwenye mpangilio."

"Ukihamisha meza ya Bwana jikoni, bado ni ya Bwana?" mtu wa foleni akauliza.

"Meza ya nani?"

"Mfano tu, mama."

Foleni ikagawanyika. Wengine wakataka fedha zao, wengine wakasema watapanda hivi hivi, maana kishindo ndicho kitamu. Mmoja akaapa kwamba mwaka fulani mtakatifu mwenyewe alibadilishwa mkono na seremala na hakuna aliyeuliza. Ikabidi tumtume mtu kwa padri, ambaye alikuwa ameshakaa mbele ya sahani ya kuku na mchuzi wa mole. Mjumbe akarudi akihema. Padri alisema: yeye amebariki alichokiona.

Kila mmoja akaanza kulichambua hilo jibu. Evelio akalifurahia. Bi Porfiria naye akalifurahia. Mimi nililigeuza upande huu na upande ule kama nguo isiyo na mbele, na sikuona pa kuingiza kichwa. Nilijua jambo moja tu: nikiufungua mkono wa pili, Pweza atalala chini mbele ya mji mzima, na Nabor ana haki ya kusema hakusimama. Nikauendea na spana. Nati ilikuwa imekaza. Nikaning'inia nayo, miguu ikiteleza kwenye tope, haikusogea.

Nabor alikuja akanisogeza kwa bega, kama unavyomsogeza mtu mbele ya jiko. Akashika spana. Nati ikalia, ikaachia.

"Nabor," Evelio akaita. "Nataka kujua tu. Kesho nilete lori au nisilete?"

Nabor alikuwa amelala chini ya mkono, grisi mpaka kwenye viwiko, pini ikiwa nusu nje na ng'ombe mzima akining'inia juu yake. Hakugeuza kichwa.

"Njoo ushike huu mnyororo," akasema. "Usiuachie mpaka nikwambie."

Evelio akanitazama mimi. Mimi nikautazama mnyororo. Akavua saa yake ya dhahabu, akatafuta pa kuiweka, akanipa mimi niishike.